Mdomo na Magurudumu

Siku Baba alipokuwa akirudisha gari kinyumenyume uani na kuligonga tanki la maji, Dada alikuwa amesimama nyuma akimwelekeza. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa: asimame kando ya tanki, aangalie, aseme. Na kweli alisema. Alisema, "Baba, samahani, naona kama tanki liko karibu kidogo." Alipofika kwenye "kidogo", taa ya nyuma ilikuwa tayari iko chini vipande vipande.

Baba alishuka. Akaitazama taa, akalitazama tanki, kisha akamtazama binti yake mkubwa.

"Kwa nini hukupiga kelele?"

"Nilisema, Baba."

"Ulisema kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi."

Mimi na Mama tulicheka. Dada hakucheka. Aliinama akaanza kuokota vipande vya plastiki nyekundu, akiviweka kwenye kiganja kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba vitaungwa tena. Hatukujua kwamba juma lilelile, kazini kwake, alikuwa ameanguka mtihani kwa kosa hilohilo.

Dada yangu ni rubani msaidizi. Hukaa kiti cha kulia katika ndege ya pangaboi mbili inayopeleka watu kutoka mji mmoja hadi mwingine, watu wa biashara, wagonjwa wanaokwenda hospitali kubwa, bibi arusi na masanduku yake. Watu wakisikia ana kazi hiyo hutarajia kumwona mwanamke wa miwani ya giza na sauti ya kujaza ukumbi. Wanamkuta mtu mwembamba wa sweta, anayepitwa kwenye foleni ya duka na kila mwenye haraka, na anayebisha hodi hata kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe akijua mimi nimo ndani. Wenzake kazini walimpa jina. Walimwita Samahani.

Tabia hiyo hakuiokota njiani. Mama alitulea hivyo sote wawili. Mkubwa hakatizwi. Mkubwa haambiwi "umekosea". Huambiwa "labda mimi ndiye niliyeona vibaya". Ukitaka kupita mbele yake unainama, ukitaka kumkosoa unaanza mbali, unazungukazunguka, na ukifika kwenye jambo lenyewe unalifunika kitambaa. Kwangu mimi ninayeshinda na vitabu haikuwa na madhara. Kwa Dada ilikuja kuwa na madhara angani.

Aliwahi kunieleza kutua kwa kutumia sinia la chai. Ukitoka jikoni na sinia lililojaa vikombe, alisema, kabla ya kuingia sebuleni kuna kizingiti. Ukifika pale vikombe vinateleza, usijiambie vitatulia ukiwa njiani kuelekea mezani. Rudi jikoni, weka sinia chini, panga upya, anza tena. Ndege nayo ina kizingiti chake, ila hakionekani. Ikibakiza futi elfu moja kufika chini, kila kitu kiwe kimetulia: mwendo uwe ule uliopangwa, kushuka kusiwe kwa kasi, magurudumu yawe yametoka, vibawa vya kutua vimefunguliwa, pua imeelekea njia ya kutua. Kimoja kikikataa, hamtui. Mnaongeza nguvu, mnapanda, mnazunguka, mnaanza upya.

"Na nani anaamua?" nilimwuliza.

"Yeyote kati ya wawili. Mmoja anarusha, mwingine anaangalia. Anayeangalia akiona haijatulia, anasema neno moja. Zunguka. Anayerusha haulizi kwa nini. Ataulizia chini."

"Neno moja tu?"

"Neno moja tu," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa wake.

Jioni ya siku ya tanki ndipo alipotusimulia. Walikuwa kwenye mashine ya mazoezi, chumba kilichoinuliwa juu ya miguu ya chuma, ambacho ndani yake ni ndege kamili isipokuwa hakiendi popote. Mkaguzi, mama mmoja mkavu wa maneno, alikaa nyuma akiwachezea upepo. Aliyekaa kiti cha kapteni alikuwa ameagizwa kwa siri aendelee kushuka hata mambo yakiharibika. Mambo yakaharibika. Dada akasema, "Kapteni, samahani, nafikiri mwendo umezidi kidogo." Kapteni akaendelea. Dada akasema, "Kapteni, labda tungefikiria kuzunguka." Wakati huo ndege ya mchezo ilikuwa imeshagusa chini, imeshamaliza njia yote, na inakwenda kusimama kwenye majani ya kuchorwa.

Mkaguzi aliwasha taa. "Uliliona kosa mapema kuliko wengi niliowapima hapa," alimwambia. "Macho yako sina shida nayo. Lakini mdomo wako unafika uwanjani baada ya magurudumu."

Angeitwa tena mwezi uliofuata. Akishindwa, angeondolewa kwenye kiti na kupelekwa ofisi ya mipango, awe anapanga safari za kurushwa na wengine.

Baba alisikiliza yote huku akikuna kidevu. Yeye ni fundi wa viti, mkono wake wa kulia umejaa alama za misumari, na haamini kwamba kuna kitu kisichoweza kushonwa upya. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Na kuvunjika kwa taa pia. Kesho tunaanza mazoezi."

Mazoezi yalifanyika sebuleni. Baba alikaa kwenye kochi akishika mfuniko wa sufuria kama usukani. Dada alikaa kulia kwake. Mimi nilipewa kazi ya kusoma mwendo, namba nilizotunga mwenyewe, na Mama akawa abiria bila kuombwa, maana alikuwa amekaa pale akichambua mchele.

"Tunashuka," alisema Baba. "Hewa nzuri. Abiria wanasinzia."

"Mwendo umezidi," nikasoma. "Umezidi sana."

Dada akafumba macho. "Baba, sama..."

"Tumekufa," alisema Baba, akaweka mfuniko chini. "Wote. Na abiria na mchele wake. Tena!"

Tulirudia. Mara nyingine alisema "zunguka" lakini kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Mara nyingine alilisema vizuri, halafu papo hapo akaongeza "tafadhali", Baba akamwambia tafadhali hiyo ingewakuta makaburini. Mara ya mwisho aliinua kichwa, akamtazama Baba usoni, akasema, "Zunguka!"

Punje za mchele ziliacha kuanguka kwenye ungo.

"Mtoto gani anamwamuru baba yake hivyo?" alisema Mama. "Mimi sikumlea hivyo."

"Mama yao, ni kazi."

"Kazi gani inayomfundisha mtu utovu wa adabu?"

"Heshima si utumwa," alisema Baba.

"Wala si kupiga kelele sebuleni." Mama akachukua ungo wake akaenda jikoni. Dada akamtazama akienda, na kila kitu alichokuwa amejifunza usiku ule kikamtoka usoni. Kesho yake tulipoanza tena, alirudi kwenye samahani.

Mwezi ukaingia. Wiki ya mtihani ikawa inakaribia, na ratiba ya kazi ikampanga Dada na Kapteni Siagi.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya kutua kwake. Wanasema magurudumu ya ndege yake yakigusa chini, abiria aliyelala haamki. Ni mtu mzima, mnene kidogo, anayekaribia kustaafu, na ndiye aliyemkalisha Dada kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha kulia na kumwonyesha jinsi ya kuisubiri ardhi badala ya kuifuata. Humwita "binti". Dada humwamkia kila asubuhi kama anavyomwamkia Baba. Kama kungekuwa na mtu mmoja duniani ambaye Dada asingetaka kumwambia neno moja kavu, ni huyo.

Siku hiyo mimi na Mama tulikuwa abiria. Tulikuwa tunakwenda kumwona mama mkubwa, dada yake Mama, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na wafanyakazi hupata nafasi kwa ajili ya jamaa zao. Yaliyotokea nyuma niliyaona mwenyewe. Ya mbele, nyuma ya ule mlango mdogo, Dada alitusimulia baadaye.

Asubuhi alimkuta Kapteni chini ya bawa, simu sikioni, akiulizia hali ya hewa ya kule tunakokwenda. "Shikamoo, Kapteni," alisema Dada. Kapteni akainua mkono wa kushoto, akaendelea na simu. Alipomaliza alisema mvua inazungukazunguka kule, twende tuiwahi, akapanda ngazi. Salamu ikabaki hewani. Ni jambo dogo, lakini Dada ni mtu wa kubeba mambo madogo, na hilo alilibeba safari nzima.

Safari yenyewe ilikuwa tulivu. Mama alipewa kiti cha dirishani. Kwa muda mrefu alikataa kutazama nje, kisha akakataa kuacha kutazama. Tulipoanza kushuka aliyaona mapaa ya mji, akanishika mkono.

"Lile la bluu! Lile paa la bluu ni kwa dada yangu!"

"Mama, mapaa ya bluu ni mengi."

"Mimi nalijua paa la dada yangu." Akachukua mkoba wake kutoka chini akaupakata, tayari kushuka.

Huko mbele, mambo hayakuwa sawa. Mwongoza ndege wa mnarani alikuwa amewaweka juu kwa muda mrefu kwa sababu kulikuwa na ndege nyingine chini yao. Alipowaruhusu kushuka, uwanja ulikuwa umeshakaribia mno. Upepo nao, uliotazamiwa kuwakabili, ukageuka ukawa unawasukuma kwa nyuma. Na upande wa pili wa uwanja mvua ilikuwa imesimama kama pazia.

"Tutaiwahi," alisema Kapteni, akapunguza nguvu, akashusha pua.

"Mwendo umezidi," alisema Dada. Alilisema bila kitambaa, akajishangaa.

"Narekebisha."

Alirekebisha. Mwendo ukapungua kidogo, lakini kushuka kukawa kwa kasi. Aliposhughulikia kushuka, mwendo ukapanda tena. Dada alikuwa akitazama saa za vipimo mbele yake na pia mikono ya Kapteni. Mikono ilikuwa haina wasiwasi hata kidogo. Ilikuwa mizuri kuitazama, alisema, kama mikono ya Baba anapovuta kitambaa juu ya kiti. Alijua kwamba mikono ile ilishawahi kuokoa hali mbaya kuliko hii. Njia ya kutua ilionekana wazi mbele yao, nyeusi, imelowa ncha ya mbali.

Futi elfu moja. Kizingiti. Mwendo umezidi, kushuka kumezidi.

Alituambia kwamba ile samahani yake ilikuja. Ilipanda kutoka kifuani, ikapita kooni, ikafika kwenye meno. Ilikuja na sura ya Mama na ungo wake. Akaimeza.

"Haijatulia," alisema. "Zunguka."

Kapteni hakumtazama. Mkono wake ulikaa juu ya vipini vya nguvu kwa muda wa pumzi moja, na katika pumzi hiyo Dada alijua akinyamaziwa atalisema tena, na kwa sauti kubwa zaidi.

"Tunazunguka," alisema Kapteni, akasukuma vipini mbele.

Sisi nyuma tulisikia mapangaboi yakinguruma na viti vikitusukuma mgongoni. Paa la bluu, la mama mkubwa au la mwingine, likazama chini ya bawa. Tukaingia mawinguni. Mkoba wa Mama ukamwangukia miguuni.

"Wametuonyesha uwanja halafu wametunyang'anya!" alisema bwana mmoja wa kiti cha nyuma. "Marubani wa siku hizi!"

"Mwanangu yuko mbele," alisema Mama, lakini kwa mnong'ono, nikasikia mimi peke yangu.

Kisha kipaza sauti kikakoroma, ikaja sauti ya Dada. "Mabibi na mabwana, hatukuwa tumekaa sawa kwa ajili ya kutua, kwa hiyo tunazunguka na kuanza upya. Mvua inapita. Tutatua baada ya muda mfupi. Endeleeni kufunga mikanda."

Mama aligeuka akanitazama, macho wazi.

"Hata samahani hajasema."

"Angalau kasema ukweli," alijibu yule bwana wa nyuma, akajiegemeza.

Tulizunguka mpaka mvua ikahama, tukaja tena, safari hii taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi akishika ukuta. Tulitua kwa kishindo kidogo. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa Mama, aliyepiga mara moja, akaona aibu, akaanza kutafuta mkoba.

Tuliposhuka, Kapteni alikuwa chini ya ngazi, kofia kwapani, akitazama magurudumu. Mama alimwendea moja kwa moja kabla sijamzuia.

"Kapteni, habari za kazi. Mimi ni mama yake huyo binti uliye naye. Kama amekukosea huko mbele, nakuomba radhi kwa niaba yake. Sikumlea kupaza sauti."

Kapteni alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Hakupaza, Mama," alisema. "Alisema tu." Akavaa kofia, akaelekea ofisini bila kugeuka.

"Amekasirika," alisema Mama.

Juu ya ngazi, Dada alikuwa amesimama na begi lake. Alikuwa amesikia yote.

Jioni alikuja kula nasi kwa mama mkubwa, akatusimulia pale jikoni huku mama mkubwa akituamuru kutoka kitandani nani akate nini. Mama aliosha vyombo, mgongo kwetu. Hatimaye akauliza bila kugeuka.

"Na kama ungenyamaza, ingekuwaje?"

"Huenda tungetua vizuri tu, Mama. Siagi ana mikono."

"Basi kwa nini ukasema?"

"Kwa sababu ya hiyo huenda."

Mama alishika sahani moja muda mrefu chini ya maji. Aliisuuza tena, ingawa ilikuwa safi, akaiweka juu ya nyingine.

Dada hakuwa na wasiwasi wa kuulizwa na wakubwa. Kuzunguka huripotiwa kila mara, na sheria ilikuwa upande wake. Alichoogopa ni asubuhi. Angerudi na kapteni yuleyule, kiti kwa kiti, baada ya salamu isiyojibiwa na amri iliyotiiwa. Alipoondoka kwenda hotelini nilimwona akisimama mlangoni akijaribu uso wa kuvaa kesho.

Alifika uwanjani mapema. Kapteni alikuwa amefika mapema zaidi, yuko chini ya bawa, safari hii bila simu.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba." Akapiga tairi kwa ncha ya kiatu, akalizunguka, akatokea upande wa pili. "Na ile ya jana, marahaba. Nilikuwa kwenye simu."

"Haina neno, Kapteni."

"Ina neno. Jana nilikuwa nimeshatua, binti. Kichwani. Niliiona njia, nikatua, nikawa nabaki kuisubiri ndege inifuate. Nimefundisha watu wangapi jambo hilo, nami limenipata." Akakohoa. "Ukiwa na mimi, ukiona, sema. Ukiwa huna hakika, sema vilevile. Heshima yangu utanipa hapa chini, nitaipokea yote."

"Ndiyo, Kapteni."

"Na usiwaambie wenzako kwamba Siagi alitua kwa kishindo."

"Kapteni, ndege ilikuwa imejaa," alisema Dada. "Sidhani kama ni siri tena."

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza kwa mtu huyo. Anasema alitaka ardhi immeze, mpaka alipomsikia akicheka, kicheko kikubwa kilichomfanya mtu wa mafuta atoe kichwa nyuma ya gari lake.

Mtihani ulipofika, tulikuwa sote nyumbani tukijifanya hatungoji simu. Mkaguzi alimpandisha tena kwenye ile mashine, akaanza kumharibia upepo. Dada aliliona, akasema "Haijatulia, zunguka" mapema kiasi kwamba Mkaguzi alisikika nyuma akilalamika, "Basi ngoja kwanza niharibu!" Amebaki kwenye kiti chake. Jina la Samahani bado wanamwita, ila siku hizi wanalitumia kumwita kwenye chai tu.

Jumapili iliyofuata Baba alikuwa anataka kutoa kochi la mteja, kwa hiyo gari likabidi lirudi nyuma hadi mlango wa karakana, kupitia kando ya tanki lilelile. Alikuwa ameshatia taa mpya. Dada akasimama mahali pake. Mama alikuwa kibarazani na ungo.

Gari lilianza kurudi taratibu. Lilikuwa bado mbali na tanki, mbali kabisa, mimi nilikuwa naona.

"Simama!" alisema Dada.

Baba akakanyaga breki, gari likatikisika. Akatoa kichwa dirishani. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Jua limenipiga machoni, nilikuwa sioni vizuri."

"Kwa hiyo tanki liko mbali?"

"Sijui, Baba. Ndiyo maana."

Baba akafungua mdomo. Nadhani alikuwa anataka kusema kuhusu mteja anayengoja.

"Baba yao," Mama aliita kutoka kibarazani, mikono yake haijaacha mchele, "umeambiwa usimame. Anza upya."

Baba akaingiza kichwa ndani. Akatia gia, akasogea mbele mpaka getini, akalinyoosha gari, akaanza kurudi tena.